Mvinyo wa volkano nao huchacha

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu ya simu hapa Mtwara: eti mvinyo wa asili wa Mlima Etna, kwa kuwa zabibu zake zimeota kwenye majivu ya volkano na hautiwi dawa, hauharibiki. Ukikaa miaka unazidi utamu, tena hauumizi kichwa.

Udongo wa volkano upo kweli kule Sicily, Italia. Lakini mvinyo wa asili ni maji ya zabibu yaliyochachushwa na hamira ya shambani, bila kuongezwa salfaiti (dawa ya kuhifadhi) au kwa kiasi kidogo sana. Salfaiti ndiyo huzuia bakteria, kwa hiyo ikipungua mvinyo unahitaji uangalizi zaidi.

Anayejua uraka, pombe ya mabibo, hahitaji darasa. Wa asubuhi ni mtamu, povu linapanda mdomoni mwa dumu. Ulaze siku mbili uone utakavyokunja uso. Bakteria wamegeuza kileo kuwa siki. Mabibo au zabibu, kazi ni ileile.

Kinachochanganya ni mwaka ulioandikwa kwenye lebo. Huo ni mwaka wa mavuno. Waonjaji hupanga mezani chupa za mkulima mmoja za miaka tofauti, wakitafuta jua na mvua za kila mwaka, na chupa kuukuu si lazima ishinde. Mvinyo mwingi duniani hunywewa ukiwa mchanga.

Soma pia asilimia ya kileo, mara nyingi 12 hadi 14. Kichwa huumia hapo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na chupa ikishanuka siki, itie kwenye kachumbari.