Dhiki isiyo na baada

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha kwenye kliniki ya magonjwa sugu, nilikuwa na mazoea ya kuwagawia wagonjwa madaftari madogo. Maelekezo yalikuwa mafupi: kila usiku kabla ya kulala, andika mambo matatu mazuri yaliyokupata siku hiyo. Mama mmoja mwenye kisukari alilipokea lake kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Mwezi uliofuata akalirudisha limejaa. Nikalifungua kwa furaha ya mwalimu anayesahihisha mtihani, nikakuta safu za namba: 6.2, 11.4, 3.1, 8.9, kila moja na saa yake. Vilikuwa vipimo vyake vya sukari.

“Yale mengine yalinishinda, daktari,” akaniambia. “Nikaona karatasi zisipotee bure.”

Madaftari nimeacha kuyagawa. Swali lililonifanya niyagawe bado ninalo: imekuwaje watu wengi wanaoishi na ugonjwa usiopona hufika mahali wakasema, bila kushurutishwa na yeyote, kwamba kuna kitu wamekipata humo humo?

Ninaposema ugonjwa sugu nina maana ya kisukari, baridi yabisi, pumu, kifafa, selimundu, figo zilizoshindwa kazi na ndugu zao wote ambao dawa huwatuliza lakini haziwafukuzi. Anayekuja kumjulia hali mgonjwa wa namna hii huja na methali yake mdomoni: baada ya dhiki faraja. Ni methali nzuri, ila inataka kuwe na “baada”. Aliyevunjika mguu anayo. Siku moja plasta itakatwa. Mwenye baridi yabisi hana. Ukimwambia asubiri faraja ya baada ya dhiki, umemwambia asubiri maisha yake yote.

Wataalamu nao wamejikwaa hapo hapo. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha dodoso la maswali 21 la kupima walichokiita ukuaji wa baada ya kiwewe. Linagusa mambo matano: uhusiano na watu, njia mpya za maisha, nguvu ambayo mtu hakujua anayo, mabadiliko ya kiroho, na kuthamini uhai. Nimelitumia, na limenisaidia kujua mazungumzo yaanzie wapi. Lakini “baada” imo ndani ya jina lake. Mtu anayeamka kila siku na vidole vilivyokakamaa nitamuulizaje habari za baada, ilhali kiwewe chenyewe kimepanga chumba kwake?

Tena, dodoso humtaka mtu ajilinganishe na alivyokuwa zamani, na kumbukumbu zetu si mizani ya kuaminika. Mwaka 2009 Patricia Frazier na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo walipimwa kabla na baada ya kupatwa na tukio la kutisha. Ukuaji waliodai kuupata haukuendana na mabadiliko yaliyoonekana kwenye vipimo. Ni rahisi kumshusha yule uliyekuwa ili huyu wa leo aonekane amepanda. Simwiti mtu mwongo kwa hilo. Kuna asubuhi ambazo bila hadithi kama hiyo mtu hatoki kitandani. Ila ndiyo sababu siku hizi sivutiwi sana na sentensi kubwa kama “ugonjwa umenibadilisha”. Namuomba anionyeshe saa ngapi, na alikuwa amekaa wapi.

Yule mama wa daftari alinionyesha. (Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike.)

Ile 3.1 aliyoiandika ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3.9 (milimoli kwa lita moja ya damu) mwili huanza kupiga kelele: mikono inatetemeka, jasho jembamba linatoka, moyo unakimbia, hasira inapanda bila sababu. Anachofundishwa mgonjwa aliye macho na anayeweza kumeza ni kutumia gramu 15 za sukari inayoingia haraka, mfano nusu glasi ya juisi, kisha asubiri dakika 15 na kupima tena. Ikiwa bado iko chini, anarudia. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ubongo ulioishiwa sukari unakuamrisha ule kila kilichopo, na ukiutii, saa mbili baadaye kipimo kinasoma 15 au zaidi. Basi mtu anashinda siku nzima anapanda na kushuka kama bembea.

Mama huyu alikuwa mtu wa mbio. Miaka ya kwanza alikuwa anapiga juisi akiwa amesimama na kuendelea na kazi huku anatetemeka, mpaka siku moja akaanguka. Tangu hapo akajiwekea kigoda karibu na mlango wa chumba cha watoto, akawa anakaa hapo, saa ya mkononi ameivua na kuiweka gotini, anangoja dakika 15 zake. Hakuna analoweza kufanya wakati huo. Simu hawezi kuisoma, herufi zinacheza. Kwa hiyo anasikiliza. Akagundua kwamba kitinda mimba huongea peke yake kwa sauti mbili, moja ya kwake na moja ya mtu anayemkemea. Akagundua wakubwa wakigombana ni nani huanza, na siye aliyekuwa akimwadhibu siku zote.

“Nimezaa watoto wanne,” akaniambia, “nikaja kuwasikia kwa sababu ya sukari.”

Siku hiyo hakuwa na huzuni wala furaha; alikuwa anatoa taarifa. Nikaelewa kwa nini daftari langu lilimshinda. Nilimtaka atafute mazuri pembeni ya ugonjwa, kana kwamba ugonjwa uko chumba kimoja na mazuri yako kingine. Yeye alikutana nayo ndani ya shughuli yenyewe ya kujiuguza, kwenye dakika ambazo hangezipata kwa njia nyingine yoyote.

Wenzetu wanaochunguza ubora wa maisha wana maelezo ya sehemu ya jambo hili. Mwaka 1999 Mirjam Sprangers na Carolyn Schwartz walieleza namna mgonjwa anavyohamisha kipimo chake. Wakati mwingine anabadili rula: maumivu aliyoyaita makali mwaka juzi leo anayaita ya kawaida. Wakati mwingine anapanga upya kipi kitangulie. Na wakati mwingine maneno “kuishi vizuri” yenyewe hubadilika maana kwake. Mtu mzima wa afya akimtazama kutoka nje hayaoni hayo. Mwaka 2005 Jason Riis na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa 49 wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine na watu 49 wenye afya. Kila mmoja alibeba kompyuta ndogo ya mkononi kwa wiki moja, ikilia anajaza hali ya moyo wake saa ile ile. Hali zao hazikupishana kwa kiasi cha maana. Lakini wenye afya walipoulizwa wanadhani maisha ya mashine yakoje, walikisia hali mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa kweli. Na kusafishwa damu si mchezo: kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara.

Nisieleweke kwamba ugonjwa ni zawadi. Neno hilo silipendi kabisa, na nimewahi kuona linavyoumiza. Kuna familia zilizomgeuza mgonjwa wao kuwa mfano wa uvumilivu. Kila mgeni anaambiwa “huyu hajawahi kulalamika hata siku moja”, naye akishasikia hivyo, atalalamika vipi tena? Wanaoishi na magonjwa sugu hupata sonona zaidi kuliko wengine. Tabasamu la kulinda sifa ya nyumba huificha vizuri sana. Kama kwa wiki mbili au zaidi mtu hana raha na chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, hiyo si kazi ya shukrani. Apelekwe akaonwe.

Kuna baba mmoja mwenye baridi yabisi ambaye huwa namkumbuka ninapojisikia kutaka kuhubiri. Wenye ugonjwa huu hukakamaa zaidi asubuhi, mara nyingi kwa zaidi ya saa nzima, na vidole ndivyo huwa vya kwanza kugoma. Yeye hakuweza tena kufunga shati. Kijana wake wa miaka 16, ambaye walikuwa hawazungumzi zaidi ya salamu, ndiye aliyeanza kumfunga kabla ya kwenda shule. Nikamuuliza mnaongea nini. “Vifungo ni saba,” akajibu. “Mtu amesimama kifuani kwako vifungo saba, utamwangalia juu mpaka lini? Mtaongea tu.” Waliongea mpira, halafu shule, halafu siku moja kijana akamuuliza kama ugonjwa huu utampata na yeye.

Nikamwambia, basi kuna jema umelipata. Akaviangalia vidole vyake kidogo. “Lipo. Ila leo ukinipa vidole vyangu, nitachukua vidole. Kijana nitamtafuta kwa njia nyingine.”

Sidhani kama nimewahi kusikia mtu akiliweka jambo hili sawasawa kuliko hivyo. Jema lipo, gharama ipo, na hakuna linalofuta lenzake.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza wafanye nini. Mimi nawaambia waache kuulizia mazuri, waulizie ufundi. Mwenye pumu anasikia hewa inabadilika kabla nyie hamjahisi kitu, mwulize anaijuaje. Aliyezoea kuishiwa nguvu saa nane mchana anajua kupanga siku na kukataa mwaliko bila kutunga uongo, na hilo watu wazima wengi tumeshindwa kujifunza. Anapoeleza anavyofanya, anakuwa mjuzi anayefundisha, na kama humo kuna jema, atalitaja mwenyewe kwa jina analolitaka.

Na lisipokuwepo, halipo. Wiki iliyopita kijana mwenye selimundu alikaa mbele yangu, ametoka wodini siku tatu nyuma. Fomu ya kliniki yetu ina swali hilo, nami ni lazima nilisome: je, kuna jambo lolote zuri ulilolipata kutokana na hali yako? “Hakuna,” akasema. Nikaandika “hakuna”, nikageuza ukurasa, tukaanza kuongea kuhusu maumivu ya usiku na kwa nini dawa zake zinamwishia kabla ya tarehe.