Tohara ya mtoto mdogo: njia ipi, kwa umri upi

Kijana wetu wa miaka 17 alitahiriwa kwa kubana govi na koleo, ikaisha upesi. Mdogo wake wa miaka 6 afanyiwe hivyo hivyo?

Hapana, na hili tunalisisitiza. Katika njia hiyo govi huvutwa mbele, hubanwa na koleo, kisha hukatwa juu ya koleo bila mkataji kukiona kichwa cha uume. Hukipapasa tu kwa vidole. Kwa mtoto kichwa hicho ni kidogo na laini, na mara nyingi govi bado limegandana nacho: likivutwa, nacho huja. Ndivyo watoto wanavyokatwa ncha ya uume. Miongozo ya tohara kinga (tohara ya kitabibu ya kupunguza maambukizi ya VVU) hairuhusu njia hii chini ya miaka 15.

Basi atatahiriwa vipi?

Kwa kupasua govi upande wa juu, kila kitu kikionekana. Baada ya ganzi, mhudumu hupanua mdomo wa govi, huachanisha govi na kichwa taratibu kwa kifaa butu, na kuosha utando mweupe ulio chini yake. Hapo hukagua tundu la mkojo. Kisha hubana govi kwa koleo mbili juu, hukata katikati yake kwa mkasi, na kuondoa govi kwa kuzunguka, akiacha ukingo wa ngozi ya ndani wa kama milimita 5. Kila mshipa unaovuja hufungwa kwa uzi.

Sehemu ya hatari ni chini, penye kijinyama kinachounganisha govi na kichwa. Njia ya mkojo ya mtoto ipo karibu sana na ngozi hapo. Sindano ikizama, uzi huikamata njia hiyo, na baadaye mkojo hutokea kwenye tundu la pembeni. Kurekebisha ni upasuaji mwingine, mgumu kuliko tohara yenyewe. Mshono wa hapo uwe wa juu juu.

Ganzi ni kiasi gani?

Mtoto apimwe uzito kwanza. Lignokeini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 18 mwisho wake ni miligramu 54, yaani mililita 5.4 za dawa ya asilimia 1. Asiyeweza kutulia anahitaji dawa ya usingizi, mahali penye mtaalamu wa usingizi na oksijeni. Kumshikilia kwa nguvu si mbadala.

Na mtoto mchanga?

Mkoani Iringa huduma hiyo ilianza kwa majaribio mwaka 2013, kwa kibano cha Mogen, kwa watoto wasiozidi siku 60. Kwingineko hutumika pete ya plastiki, ambayo hudondoka yenyewe ndani ya siku 5 hadi 10. Ikikwama au ikiteleza kurudi nyuma, mtoto arudishwe kwa mhudumu, msiikate nyumbani.

Nani asitahiriwe kwa sasa?

Mwenye tundu la mkojo chini ya uume badala ya nchani, kwa kuwa govi lake huenda likahitajika kumtengenezea njia. Apelekwe kwa daktari bingwa wa upasuaji, mathalani hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya. Vilevile mwenye uume uliopinda au uliozama kwenye mafuta, mwenye homa, na ambaye katika ukoo wao watu huvuja damu bila kukoma.

Ni lazima tungoje baridi ya Juni na Julai?

Wazee wengi wa Iringa na Njombe husema kidonda hupona vizuri wakati huo. Likizo ya shule inasaidia kupumzika, hilo ni kweli. Lakini kinachoponya ni usafi na damu iliyozuiwa vizuri, mwezi wowote.

Nyumbani tuangalie nini?

Damu, hasa saa 24 za kwanza. Matone machache ni kawaida. Ikilowesha bandeji, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua. Isipokoma, nenda kituoni usiku huo huo. Majivu, kinyesi cha ng'ombe na dawa za majani visiguse kidonda, kwani vinaweza kuleta pepopunda. Utando wa manjano kwenye kichwa cha uume siku za mwanzo si usaha, usiukwangue. Rudini bila kusubiri tarehe mtoto akishindwa kukojoa, uvimbe ukiongezeka, au kichwa kikiwa cheusi.