Kupanga na kuunda baiskeli ya safari ndefu: tunavyofanya karakanani Tabora

Mtu anapokuja karakanani kwangu akitaka nimwundie baiskeli ya kubebea hema, maji na chakula kupitia njia za vumbi, mara nyingi huwa ameshachagua gia na rangi. Mimi humwomba aviweke kando kwanza, anieleze njia: atapita wapi, mwezi gani, atalala wapi, na kitu kikikatika katikati ya pori atakipata kwa nani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua fremu, ringi na idadi ya meno, na mteja asiyekuwa nayo bado humshauri arudi nyumbani akakae na ramani kabla hajatoa hata shilingi moja.

Chukua mfano wa mteja aliyetaka kwenda Kigoma kwa kufuata reli, kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, njia ya zaidi ya kilomita 400. Barabara kuu ina lami sehemu kubwa, lakini yeye alitaka njia za vijijini. Kwa kuwa Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 na Ziwa Tanganyika lipo chini ya mita 800, alidhani safari nzima ni mteremko. Kumbe kati ya miji hiyo kuna mabonde na bonde kubwa la Malagarasi, ambako masika udongo mweusi wa mbugani hujikusanya kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kiangazi mchanga huchukua nafasi yake. Tukakubaliana aende kati ya Juni na Septemba, atumie tairi pana, na fremu iache angalau milimita 10 za nafasi kila upande wa tairi.

Suala la ukubwa wa gurudumu ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Katalogi za nje husifu inchi 29, na sifa hizo ni za kweli kwenye njia mbovu, ila ukipasua tairi la inchi 29 ukiwa Nguruka, usitegemee kulipata dukani. Baiskeli kubwa za mizigo zinazotumika vijijini zina tairi la 28, na wengi hudhani linaweza kuingia kwenye ringi ya 29 kwa kuwa namba zinakaribiana. Haliingii. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona namba mbili zilizounganishwa kwa kistari: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, vyote kwa milimita. Tairi la 28 la baiskeli ya mizigo huandikwa 40-635, la 29 huishia na 622. Hata 26 zipo za aina zaidi ya moja: ya baiskeli za milimani ni 559, na ya baiskeli za mjini zenye tairi jembamba ni 590. Kwa njia za huku mimi huchagua 559, tairi la inchi 2.1 au zaidi, kwa sababu tairi na tyubu zake hazisumbui kupatikana. Tyubu nayo iwe na mdomo kama wa pikipiki, ili kijana yeyote anayeziba pancha za bodaboda aweze kuijaza upepo, ingawa inabidi asimamiwe, maana mashine ya upepo hupasua tyubu ya baiskeli kwa sekunde chache.

Fremu ninayoipendekeza ni ya chuma, na mara nyingi ni ya mtumba, ya baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990 yenye uma (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) usio na springi. Chuma kikipasuka, mchomeleaji wa kawaida anaweza kukiunga ukaendelea na safari. Alumini huhitaji mashine maalumu ya kuchomelea, na joto hupunguza nguvu ya sehemu iliyochomelewa. Kabla ya kununua, nageuza fremu juu chini na kutazama ndani ya bomba la ekseli ya pedeli, kwa kuwa maji hutuama hapo na kutu huanzia hapo. Kisha nafunga uzi kwenye sikio moja la nyuma (mahali ekseli ya gurudumu inapokaa), naupitisha mbele kuzunguka bomba la usukani, naurudisha hadi sikio la pili, halafu napima kwa rula umbali kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana kwa milimita 1 au 2 chuma hunyooshwa. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, nairudisha kwa muuzaji.

Mwili wa mteja hupimwa akiwa peku, mgongo ukutani, na kitabu chenye jalada gumu kikiwa kimebanwa juu kabisa kati ya mapaja. Urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu huzidishwa kwa 0.883, na jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya siti. Mteja wa Kigoma alikuwa na sentimita 82, hivyo tulianzia 72.4. Nasema tulianzia kwa sababu hesabu hiyo haijui magoti yake.

Gurudumu la nyuma nalisuka mwenyewe kwa spoku 36, kila moja ikivuka nyingine tatu. Spoku za upande wa gia husimama wima zaidi, kwa hiyo lazima zikazwe kuliko za upande wa pili. Nikimaliza kunyoosha, nazikamata mbilimbili na kuzibana kwa nguvu zote za viganja, kuzunguka ringi nzima, mpaka zikae sawa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kisha nanyoosha tena. Fundi akiruka hatua hii, spoku zitalegea zenyewe barabarani. Habu iwe ya kaseti, ambayo meno huchomekwa juu ya habu yenyewe, siyo ya friwili, ambayo fungu la meno hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa sababu kwenye friwili gololi za kulia hukaa mbali na fremu na ekseli hupinda chini ya mzigo.

Gia si suala gumu: meno 22 mbele na 34 nyuma hutosha kupandia kilima chochote cha njia hiyo ukiwa umebeba mzigo. Breki ziwe za waya, kwani waya hupatikana popote.

Mizigo ndiyo inayonipeleka kwa fundi cherehani. Nachora nafasi ya katikati ya fremu kwenye boksi, nakata, najaribu, kisha namkabidhi kipande hicho pamoja na turubai. Namsihi asiweke zipu, maana vumbi huiua mapema. Mdomo wa kukunja na kufunga kwa mkanda hudumu. Maji lita 6 ni kilo 6, nayo hukaa humo, chini na katikati. Nguo huwekwa nyuma ya siti, hema mbele ya usukani. Vishikizo vya chupa kwenye uma huchomelewa kabla ya rangi, kwa kuwa moto huunguza rangi.

Baada ya hapo mteja hupakia kila kitu, hata maji, na kwenda Urambo na kurudi. Akirejea nakaza spoku na waya za breki, natafuta mahali mikanda ilipokwaruza fremu na kuweka kipande cha tyubu kuukuu, kisha namuuliza kuhusu mikono, kiuno na magoti. Mteja wa Kigoma alilalamikia ganzi viganjani, nikampandishia usukani sentimita 2 na kumwongezea kitambaa cha vishikio. Siti tuliishusha kidogo, ikabaki kwenye 71.8.