Jina la Sok la Kambodia: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Sok ni miongoni mwa majina ya ukoo yanayosikika sana Kambodia, na pia Long Beach, California, walikohamia Wakambodia wengi baada ya vita. Kwa wingi wake limezushiwa mengi, na baadhi ya hayo huwapoteza watu ambao hadi leo wanatafuta ndugu zao.

Dhana: Kina Sok wote ni ukoo mmoja.

Sivyo, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Zamani watu wengi wa kawaida kati ya Wakhmer, kabila kubwa kuliko yote Kambodia, hawakuwa na jina la ukoo la kurithishana. Ufaransa, iliyoitawala Kambodia kama nchi lindwa kuanzia 1863 hadi 1953, ilipoleta uandikishaji wa raia mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walichukua jina la baba au la babu wakaliandikisha kuwa la ukoo. Babu aliyeitwa Sok mkoani Battambang na mwingine wa mkoa wa Takeo wangeweza kuacha wajukuu wenye jina moja bila undugu wowote. Na hata baada ya hapo, familia nyingi ziliendelea kumpa mtoto jina la baba yake, kama Ali Juma anavyomzaa Hamisi Ali.

Mfano unaojulikana ni wa Pol Pot, aliyekuwa kiongozi wa kikomunisti wa Kambodia. Jina la kuzaliwa lilikuwa Saloth Sar, na Saloth lilikuwa jina la baba yake mwenyewe. Kaka yake mmoja, wa baba huyohuyo, alijulikana kama Loth Suong. Ndugu wa damu, majina mawili tofauti.

Dhana: Sok ni jina la Kichina, au la Kikorea.

Wakorea nao wana Sok yao, ila hii ya Wakhmer imetoka kwenye sukha, neno la Kisanskriti na Kipali lenye maana ya raha na heri. Limo hata katika salamu ya kila siku, "sok sabay". Kambodia yapo kweli majina yenye asili ya Kichina, kama Lim na Tan. Sok halimo humo.

Dhana: Likitangulia, ni jina la mtu binafsi.

Kambodia jina la ukoo ndilo hutangulia. Sok An, aliyekuwa naibu waziri mkuu hadi alipofariki 2017, ukoo wake ni Sok. Lakini kwa Kem Sokha, mwanasiasa wa upinzani, Sokha ni jina lake mwenyewe na ukoo ni Kem. Ughaibuni mpangilio hupinduka: daktari Haing S. Ngor, aliyetwaa tuzo ya Oscar mwaka 1985, ukoo wake ni Ngor.

Dhana: Mke huchukua jina la mume.

Kwa kawaida hubaki na lake. Mke wa Hun Sen, waziri mkuu wa zamani, ni Bun Rany.

Kwa anayetafuta jamaa, kuna jambo zito zaidi. Chini ya Khmer Rouge, utawala wa Pol Pot wa 1975 hadi 1979, watu wengi walibadili majina ili kuficha elimu, kazi au familia zao, na baadhi hawakuyarudia tena. Basi ni heri kuulizia kwanza kijiji, jina la baba na la babu, pamoja na majina ya utani ya nyumbani, kisha ndipo uje kwenye hilo Sok.