Levire ya mkate ni kiumbe hai, si kemikali

Ndugu zangu wa Bukavu, ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti levire, yaani hamira, ni kemikali ya kiwandani inayoendelea kuumuka tumboni ukishakula mkate. Si kweli.

Hamira ni kuvu wa seli moja, na joto la tanuri humuua. Jaribu mwenyewe: tia kijiko cha hamira iliyo hai na sukari kidogo katika maji ya vuguvugu. Baada ya dakika 10 hivi povu linapanda. Rudia kwa maji yanayochemka: kimya.

Kama kiumbe hai yeyote, hamira huzaliana: seli yake hugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hiyo hunakili DNA yake yote, yaani maagizo yake ya urithi, yaliyo katika nyuzi 16 ziitwazo kromosomu. Proteini sita zilizoungana hukaa pale unakili unapoanzia, wasaidizi wawili hufika, kisha pete mbili za proteini huvishwa kwenye uzi wa DNA, zikitazamana, zikingoja ishara ya kuanza kunakili. Hunistaajabisha kila mara, maana seli zetu nazo hufanya karibu vivyo hivyo.

Watu huchanganya na poda ya keki, ambayo kweli ni kemikali. Sokoni Kadutu zote huuzwa kwa pakiti ndogo, na zote huumua unga kwa gesi ileile.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia mwombe ajaribu kile kikombe cha maji ya vuguvugu.