Somo wa parokia si mganga: dhana potofu kuhusu watakatifu wasimamizi, kutoka Dodoma

Oktoba Dodoma ni mwezi wa jua na vumbi. Mvua bado iko mbali, na upepo unavuma mpaka mahema ya sherehe yanataka kung'oka. Ndipo Kanisa Kuu linapoadhimisha somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake, Mtakatifu Paulo wa Msalaba, tarehe 19. Tangu serikali ihamie huku na watumishi kujaa Kisasa, Nzuguni na Mtumba, maswali yamekuwa mengi zaidi: mengine ni ya Wakatoliki wenyewe, mengine ya majirani zao Walokole, Waanglikana na Waislamu.

"Si ndiye yule wa Barua kwa Warumi?"

Siye. Paulo Mtume aliuawa Roma katika karne ya kwanza. Huyu wa Dodoma alizaliwa Ovada, kaskazini mwa Italia, tarehe 3 Januari 1694, akaitwa Paolo Francesco Danei, na alifariki Roma tarehe 18 Oktoba 1775. Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba Papa Pius IX alimtangaza mtakatifu tarehe 29 Juni 1867, siku ileile ya sikukuu ya Petro na Paulo Mitume.

Alifikaje Ugogo? Aliletwa na wanawe. Yeye ndiye mwanzilishi wa shirika la Mateso, yaani Wapasionisti, na wamisionari Wapasionisti kutoka Italia ndio waliopewa eneo hili miaka ya 1930. Prefektura ya Kitume ya Dodoma, yaani eneo la kimisioni ambalo bado si jimbo, iliundwa mwaka 1935, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Wamisionari hao walikuja na watakatifu wa nyumbani kwao, ndiyo maana jina la Mtakatifu Gemma Galgani wa Italia si geni Dodoma: lipo shuleni, lipo hospitalini, na wapo masista wa jimbo wanaolibeba.

Kuna wanaolisikia neno "Mateso" wakadhani Paulo alikuwa mtu wa kununa. Kwake Msalaba ulikuwa ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba Mungu anampenda binadamu, na hilo ndilo alilozunguka akilihubiri. Alizaliwa katika familia ya watoto 16 ambao wengi wao walikufa wadogo, kwa hiyo msiba hakuujulia vitabuni. Alihubiri Maremma, eneo la mabwawa lenye malaria na majambazi ambako wahubiri wengine hawakupenda kupangiwa. Kwa miaka mingi sana alisali bila kuhisi faraja yoyote, na hakuacha kusali. Mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayeamka alfajiri kwenda misa huku mumewe hana kazi na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada anamwelewa mtu wa namna hiyo bila kuelezwa sana.

"Mnaabudu sanamu na wafu"

Hili la majirani limejibiwa mara nyingi, nami sitalirefusha. Sikiliza litania, ile sala ya kuitikiana, inavyoimbwa. Kwa Kristo waumini wanasema "utuhurumie". Kwa Paulo, Gemma au Kizito wanasema "utuombee". Misa haitolewi kwa mtakatifu yeyote, inatolewa kwa Mungu, hata siku ya somo wa parokia. Kuhusu sanamu na picha, Mtaguso wa Pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, ulishaamua mwaka 787 kwamba heshima inayotolewa kwa picha inamwendea aliyechorwa, na kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake.

Ila jirani anayeshangaa naye ana sababu. Mkatoliki anayeingia kanisani, akaipita tabernakulo inamohifadhiwa Ekaristi bila kupiga goti, akaenda moja kwa moja kushika miguu ya sanamu na kujipaka mkono usoni, huyo anawapa watu hoja. Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Mwenendo wetu ndio wakati mwingine una ukungu.

"Gemma alikuwa sista, na alitangazwa mtakatifu kwa sababu ya madonda"

Hapa kuna makosa mawili kwa pamoja, na kwa maoni yangu la pili ndilo linaloharibu ibada nzima.

Gemma Galgani hakuwahi kuwa sista. Alizaliwa mwaka 1878 karibu na Lucca, Italia, binti wa mfamasia. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Gemma akiwa na miaka minane tu. Baba yake alifariki mwaka 1897, biashara ikiwa imeshaanguka, na wadai wakaisafisha nyumba. Gemma akabaki yatima, maskini, na mgonjwa wa uti wa mgongo. Alitamani sana kuingia kwa watawa wa kike wa Mateso. Wakamkataa, afya yake ikiwa sababu kubwa. Alimalizia maisha yake katika nyumba ya familia moja ya Lucca iliyokuwa na watoto wengi, akisaidia kazi za ndani na kulea. Alifariki Jumamosi Kuu, tarehe 11 Aprili 1903, akiwa na miaka 25. Monasteri ya watawa hao ilifunguliwa Lucca baada ya kifo chake, na mwili wake umehifadhiwa huko. Walimpokea akiwa marehemu.

Sasa madonda. Ni kweli kwamba tangu Juni 1899 Gemma alionekana na alama za madonda ya Yesu mikononi na miguuni, na hilo ndilo watu wanalopenda kusimulia. Lakini mwaka 1931, Kanisa lilipotoa tamko kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa, lilisema waziwazi kwamba halitoi hukumu yoyote juu ya mambo hayo yasiyo ya kawaida. Soma tena hapo. Walioichunguza kesi yake waliyaweka madonda kando, wakaangalia kama alikuwa na imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu na kiasi. Papa Pius XI akamtangaza mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, mwaka 1933, na Pius XII mtakatifu mwaka 1940. Laiti angekuwa na madonda bila fadhila, leo tusingelijua jina lake. Na kama angekuwa na fadhila bila madonda, njia ya kutangazwa ilikuwa wazi kwake kama ilivyokuwa kwa wengine wengi.

Kwa hiyo msichana wa Miyuji anayeambiwa "mwige Mtakatifu Gemma" haambiwi asubiri damu itoke viganjani. Anaambiwa atazame jinsi binti aliyefiwa na kufilisika alivyovumilia, alivyokataliwa alichokitamani kuliko vyote bila kugeuka mchungu, na alivyofua nguo za watoto wasio wake. Wala hakuzaliwa malaika. Mwenyewe ameandika jinsi alivyopewa saa ya dhahabu na mkufu wake, akatoka navyo mitaani ili watu wamwone. Nani hapa mjini hajawahi kutoka na simu mpya mkononi kwa nia hiyohiyo?

Tena Gemma mwenyewe alikuwa na somo. Akiwa kitandani alipewa kitabu cha maisha ya Gabrieli wa Mama wa Mateso, na mwanzoni hakikumvutia. Gabrieli alikuwa kijana wa Kiitalia aliyependa dansi na mavazi, akaacha vyote na kuingia kwa Wapasionisti mwaka 1856, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1862 kabla ya kutimiza miaka 24, akiwa bado mwanafunzi. Kifo chake kilitangulia kuzaliwa kwa Gemma kwa miaka 16. Gemma alikisoma kitabu kile mpaka akamzoea Gabrieli kama kaka, akasali novena, yaani sala ya siku tisa, kwa Mwenyeheri Margareta Maria, akisimulia kwamba Gabrieli alisali pamoja naye, na mwanzoni mwa Machi 1899 akapona. Baada ya kupona hakumwacha, na mpaka mwisho aliendelea kutamani kuishi kama yeye. Paulo alimlea Gabrieli kupitia shirika lake, Gabrieli akamvuta Gemma, na Gemma amefika mpaka kwenye jumuiya ndogondogo za Dodoma ambazo Italia wanaisikia tu kwenye taarifa za mpira.

"Novena hii haijawahi kushindwa"

Mmeiona karatasi ile. Imetolewa fotokopi mpaka maandishi yamefifia, imekunjwa katikati ya kitabu cha nyimbo: sali siku tisa, acha nakala tisa kanisani kila siku, na ombi lako litajibiwa, ukikatiza, shauri yako. Siku hizi imehamia WhatsApp, na vitisho vyake vimeongezeka.

Hiyo si novena ya Kanisa. Sala ya siku tisa ina mizizi kwa mitume waliodumu katika kusali kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, na hakuna aliyewadai fotokopi. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2111, inaliita jambo hili kwa jina lake: anayedhani sala au ishara ina nguvu kwa kutamkwa au kufanywa tu, bila kujali moyo wa anayesali, ameangukia ushirikina. Medali iliyobarikiwa na rozari inayoning'inia kwenye kioo cha bajaji ni vitu vya kumkumbusha dereva asali na aendeshe kwa kuwajali watu. Akiamini vitamkinga na ajali huku akikata taa nyekundu, basi amevaa hirizi, tofauti ni kwamba hii imenunuliwa duka la parokia.

Wala mtakatifu hana dawa yake mwenyewe anayoigawa. Anaomba, anayetenda ni Mungu. Mgonjwa akipewa rufaa aende hospitali na asali pia, na hizo mbili hazigombani.

"Mwalimu Nyerere ameshakuwa mwenyeheri"

Bado. Anaitwa Mtumishi wa Mungu, kwa sababu mchakato wake umefunguliwa, jimbo la Musoma likiwa ndilo lililouanzisha. Zipo hatua mbele yake: kuthibitishwa kwa ushujaa wa fadhila, kisha muujiza mmoja wa kumtangaza mwenyeheri, kisha mwingine wa kumtangaza mtakatifu. Kwa sasa unaweza kumwomba faraghani akuombee, lakini parokia haiwezi kumchukua kuwa somo, wala jina lake haliimbwi kwenye litania. Hapa Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 chini ya uongozi wake, watu wana haraka naye, na ninawaelewa. Lakini kinachopimwa si kazi ya urais. Hata huko Roma swali litakuwa lile la Gemma: fadhila.

"Jina la Kigogo halibatiziki"

Hili bado linasikika vijijini, na baadhi ya makatekista wa zamani hawajaliacha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ndiyo iliyosisitiza jina la mtakatifu. Ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Jina la Kigogo kama Mazengo halina kosa hilo.

Tena ushahidi tunao karibu. Kizito, mdogo kuliko wote kati ya mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo mwaka 1886, na jina lake lilibaki Kizito. Leo wapo watoto Watanzania wanaobatizwa Kizito na kila mtu anaona ni jina la Kikristo, kwa sababu kuna kijana aliyelibeba mpaka mwisho. Mtoto wa Mvumi anaweza kubatizwa Mazengo, na wazazi wakamchagulia pia somo wa kumwombea na wa kumwiga. Mkibishiwa ofisini, ombeni kumwona paroko. Kitabu cha Sheria ya Kanisa kimo kabatini mwake.