Mpunga unaopigana na magugu wenyewe: sumu ya mizizi ipo, ila tusiisingizie kila kitu

Nikishuka tu kwenye majaruba swali la kwanza ni lile lile: bwana shamba, hivi kuna mbegu ya mpunga inayoua magugu yenyewe ili tupumzike na palizi? Na mimi siwezi kulicheka hilo swali, kwa sababu nimeona kina mama wanavyoinama kwenye tope toka asubuhi mpaka jua la saa nane, mgongo hauinuki, na mpunga ukishasongwa na majani wiki nne tano za mwanzo hata ukija kupalilia vizuri baadaye ile hasara hairudi. Kwa hiyo najibu, ipo mipunga inayojitetea, tena kwa sumu kabisa, lakini kaa chini nikueleze maana stori yake sio fupi.

Kitu chenyewe kinaitwa alelopathi, jina alilolitoa Hans Molisch mwaka 1937, maana yake mmea mmoja unatoa kemikali ambayo inamgusa jirani yake. Wengi mnaijua bila jina, ni kama vile watu wanavyosema chini ya mti fulani hakuoti kitu. Kwenye mpunga jambo lilipata nguvu miaka ya 1980 huko Stuttgart, jimbo la Arkansas, Marekani. Mtafiti wa serikali, Robert Dilday, alikuwa kwenye shamba lenye mbegu za mpunga zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, shamba limevamiwa na gugu moja la majini, halafu akaona baadhi ya mashina yamezungukwa na duara safi, gugu limekaa pembeni kama limewekewa mpaka. Angeweza kupita tu, ila akarudi na kuanza kupima mbegu moja moja, wakafika zaidi ya aina 10,000, na zilizoonekana kulizuia lile gugu zilikuwa chache sana, asilimia ndogo tu. Shikilia hapo, ni chache. Ukisikia mtu anasema mpunga unaua magugu, muulize mpunga upi na gugu lipi.

Sasa hapa ndo pagumu, na mimi mwenyewe niliangukia hapa. Miaka yangu ya mwanzo kwenye utafiti nilipanda aina mbili kwenye ndoo, nikamwaga mbegu za gugu, aina moja ikatoa magugu machache na mimi nikaandika ripoti ya furaha kwamba nimepata mpunga wenye sumu. Mwenzangu mkubwa akaja akaangalia zile ndoo akaniuliza swali moja tu: huu mpunga wako mbona mpana hivi? Kweli, ulikuwa umetoa machipukizi mengi na majani yamelala yamefunika ndoo yote, gugu halikupata jua. Sumu sikuwa nimeipima hata kidogo, nilikuwa nimepima kivuli. Ilibidi nifute ripoti, iliniuma, lakini tangu siku ile kila nikisoma utafiti wa hii mada naanza kutafuta: kivuli walikitenganishaje na sumu?

Maana kutenganisha ni kazi. Kwa mfano kuna njia ya maabara ambapo unaotesha mche wa mpunga kwenye jeli, unaupa kama wiki hivi mizizi imwage kilichomo, halafu ndo unapanda mbegu ya gugu karibu, bado ndogo, haijaanza kugombania mwanga wala chakula. Nzuri, lakini jeli sio udongo. Kwenye udongo kuna vijidudu vinavyokula hizo kemikali, kuna mfinyanzi unaozishika, kuna maji yanayozichuja kwenda jaruba la jirani. Na wengi wanapimia mbegu za saladi kwa sababu zinaota haraka na zinaumia kirahisi, sawa, ila mkulima wa mpunga wa Mbarali hapalilii saladi.

Kemikali yenyewe iliyokuja kupata umaarufu ni momilaktoni. Wajapani waliitoa kwenye maganda ya mpunga mwaka 1973, na jina limetokana na momi, yaani mpunga ambao haujakobolewa. Miaka mingi ilijulikana kama kitu cha kwenye maganda tu, mpaka mwaka 2002 Hisashi Kato-Noguchi, Mjapani, akaonyesha kwamba mizizi ya mpunga inaitoa nje ikiwa hai, ile aina ya pili inayoitwa momilaktoni B, na kiasi kidogo sana kinatosha kudumaza mche wa Echinochloa. Hilo Echinochloa unalijua hata kama jina hulijui, ni lile jani linalofanana na mpunga likiwa dogo mpaka unaling'oa mpunga unaacha lenyewe. Mpunga wenyewe nao unaweza kuumia na momilaktoni, ila mpaka kiasi kiwe kikubwa mara nyingi zaidi.

Bado mtu mbishi (na mimi nilikuwa mmoja) angesema kuikuta kemikali kwenye mizizi sio ushahidi kwamba ndiyo inayofanya kazi. Jibu lililonituliza lilikuja mwaka 2012. Wanasayansi wa China na Marekani walichukua mipunga ambayo jeni (yale maelekezo ya urithi ndani ya mmea) zinazotengeneza momilaktoni zimeharibiwa, vingine vyote ni vile vile, wakailinganisha na ndugu zao wazima. Ile isiyotengeneza momilaktoni ikapoteza sehemu ya nguvu yake ya kuzuia magugu jirani. Huwezi tena kusingizia urefu wala majani, ni mpunga ule ule ukiondoa kitu kimoja. Naupenda huu utafiti kuliko zote kwenye fani yangu.

Na kuna mengine mawili ambayo kila nikiyasimulia watu wanasogeza viti. La kwanza, mpunga ukikaa karibu na Echinochloa unaongeza kutoa momilaktoni, yaani unamsikia jirani kupitia kemikali zinazotoka kwa huyo jirani huko chini. La pili lilijulikana mwaka 2017 pale jeni zote za Echinochloa ziliposomwa: na lenyewe lina fungu la jeni za kutengeneza momilaktoni, kama la mpunga. Kwa hiyo usitegemee adui huyu atalala kirahisi, silaha hiyo anaijua.

Wachina ndio waliofika mbali kwenye vitendo. Kikundi cha Kong Chuihua kilifanya kazi na mbegu ya Huagan-3, iliyozalishwa kwa kuchanganya damu ya PI312777, moja ya zile aina maarufu kwa kuzuia magugu, na ikafika shambani kwa wakulima mwaka 2009. Lakini sikiliza wanavyoilima: wanapanda kwa kubanana, wanashika maji kwa wakati, wanaangalia mbolea, na dawa ya magugu wanaweka kidogo kuliko kawaida, hawajaiacha. Mbegu peke yake haikutosha hata kwa wao walioitengeneza.

Ndo maana mimi kivuli nakipa heshima kubwa. Mpunga wa asili wa Afrika, Oryza glaberrima, uliofugwa bonde la mto Niger maelfu ya miaka iliyopita, unatandaza majani laini mapema na kuchipua sana, ardhi inafunikwa kabla magugu hayajajipanga. Shida yake unaanguka na punje zinapukutika, mavuno madogo. Monty Jones na wenzake huko Côte d'Ivoire wakauchanganya na mpunga wa Asia miaka ya 1990 tukapata NERICA, mavuno yakapanda, ila sio kila NERICA ilirithi ule mtandao wa majani, usinunue kwa jina.

Hizo NERICA zimetusaidia kwingine. Kyela kule mashamba ya juu, yasiyosimamisha maji, yana kiduha, gugu linalonyonya mzizi wa mpunga, na hapa kemia inageuka kabisa: mzizi unatoa kemikali ambayo ndiyo inayoamsha mbegu ya kiduha iliyolala ardhini, sasa kuna NERICA zinazotoa kidogo, na nyingine kama NERICA 1 na NERICA 10 zinakizuia kiduha kisiingie ndani ya mzizi hata kikishajishikiza. Kwa mkulima wa kule hiyo ina maana kuliko momilaktoni.

Kwa hiyo nikiulizwa nifanyeje msimu huu, nasema sawazisha jaruba kwanza, maji yasimame sentimita chache kote, kwa sababu kila kichuguu kinachobaki kikavu ni kitalu cha Echinochloa. Pandikiza mche mzima wenye afya, mpunga uwe na wiki kadhaa mbele ya gugu. Chagua mbegu inayochipua haraka, na hii unaweza kuipima mwenyewe bila maabara: panda mistari michache ya kila mbegu, siku ya 30 simama juu yake uangalie tope linaonekana kiasi gani. Ukipanda kwa nafasi pana, ile sentimita 25 kwa 25, jua kwamba kivuli kitachelewa, uwe na kipalizi cha kusukuma tayari. Na ndago usiitegemee kufa kwa sumu ya mpunga, ina viazi vyake chini vyenye akiba, hizi kemikali zinaumiza zaidi miche midogo inayotoka kwenye mbegu.

Sisi kwenye kituo msimu huu tumeweka mistari ya aina za kienyeji pembeni ya mbegu ya kisasa SARO 5, na safari hii kila kipande kina pacha wake ambapo majani ya mpunga yamefungwa kamba yasimame wima, jua lifike chini. Magugu yakiwa machache hata hapo, ndo nitaanza kuzungumzia sumu.